Mlipuko ukija tena Dar: ujifungie ndani, uipeleke familia kijijini, au utoke kila siku?

Kila ukitangazwa ugonjwa mpya upande wa Kagera, kibandani kwangu linakuja swali lile lile. Lilikuja Machi 2023, Marburg ilipotangazwa Bukoba. Likarudi Januari 2025 ilipotangazwa Biharamulo, na tena Machi mwaka huo Wizara ya Afya iliposema Mpox imeingia nchini. Mteja anatoa elfu kumi yake, anaihesabu mara mbili, halafu anainama kwenye kidirisha: "Kaka, ikifika Dar, tutafungiwa?"

Mimi ni wakala wa pesa, Magomeni. Mwaka 2020 nilikuwa kwenye kibanda hiki hiki, na anayekaa nyuma ya kidirisha cha wakala huijua mifuko ya watu kabla hata ya wake zao. Swali la kufungiwa naona limekaa vibaya. Serikali ikifunga, hakuna cha kuchagua. Kazi ipo pale isipofunga. Aprili 2020 Rais Magufuli, akiwa Chato, alikataa kuifunga Dar es Salaam, na kila nyumba ikabaki kujiamulia. Wapo waliojifungia wenyewe. Wapo waliopakia mke na watoto kwenye basi pale Ubungo wakawapeleka kwa bibi. Wengi, mimi nikiwemo, tuliendelea kutoka. Hizo ndizo njia tatu ninazozilinganisha hapa, kwa anayetaka kuamua akiwa bado ametulia.

Vipimo kwanza

Kabla ya yote, uliza ugonjwa unaambukizaje. Corona ilipita kwenye hewa, ndiyo maana kukaa mbalimbali kulisaidia. Marburg inapita kwenye majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, hivyo anayejifungia na mgonjwa bila kinga anaitafuta. Kipindupindu ndiyo kabisa: ukijifungia kwenye nyumba yenye choo kimoja na maji ya mashaka, umejifungia nacho. Ninayoyasema hapa chini yanahusu zaidi magonjwa ya hewa, kama lile tulilopitia.

Halafu pima mambo manne. La kwanza ni mfuko: nyumba inakula siku ngapi bila mtu kutoka? Usihesabu kipato, hesabu siku. La pili ni akili, kwa maana ya usingizi, hasira, wasiwasi, na ile hali ya mtu kukaa kimya hadi wenzake waogope. La tatu ni watoto. La nne ni yule aliye hatarini ndani ya nyumba: mzee, mwenye sukari, mwenye presha, mwenye pumu.

Kuhusu akili niseme jambo moja mapema. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba wasiwasi na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 duniani katika mwaka wa kwanza wa corona, na walioumia zaidi ni vijana na wanawake. Humo kuna nchi zilizofunga na zisizofunga. Misiba imo, kazi zilizopotea zimo, hofu ya ugonjwa wenyewe imo. Anayekuambia yote yaliletwa na kufungiwa, au kwamba kufungiwa hakukuleta lolote, ana lake.

Njia ya kwanza: kujifungia ndani

*Mfuko.* Shemeji yangu ni fundi cherehani. Anaishi Manzese, chumba na sebule, mke na watoto watatu. Mwishoni mwa Machi 2020 alifunga fremu akasema hatoki mtu. Alikuwa na shilingi 180,000 taslimu. Chakula, mkaa, maji na umeme wa LUKU vilikuwa vinameza kama 15,000 kwa siku. Gawanya mwenyewe: siku kumi na mbili. Siku ya tisa nilimkuta amekaa kizingitini, simu mkononi, anausoma ujumbe wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, kwamba marejesho ni Ijumaa. Kodi ilikuwa imebakiza mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Zile siku kumi na mbili zilikuwa za chakula tu. Madeni hayakujifungia ndani pamoja naye.

Hapa kuna tofauti ambayo watu huipita haraka. Karantini ya serikali na karantini ya mtu binafsi hazigharimu sawa. Uganda walipofunga, mabasi yakasimama, magari binafsi yakasimama, bodaboda wakakatazwa kubeba abiria, lakini Kampala na Wakiso serikali iligawa chakula: kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu. Haba, lakini kipo. Afrika Kusini iliweka posho ya randi 350 kwa mwezi kwa wasio na kipato. Tena inapofungwa nchi nzima, fundi wa pili naye kafunga, na mwenye nyumba anajua hali. Anayejifungia peke yake Dar hapati unga wala randi, na kila siku anayokaa ndani wateja wake wanazoea kwa jirani. Shemeji hadi leo kuna sare za kwaya moja hajazirudisha mikononi mwake.

*Akili.* Februari 2020 jarida la The Lancet lilichapisha mapitio ya tafiti 24 kuhusu watu waliowekwa karantini kwa magonjwa mbalimbali. Vilivyowachosha vilitajwa: muda kuwa mrefu, hofu ya kuambukizwa, kukosa la kufanya, mahitaji kupungua, taarifa zisizoeleweka, kupoteza pesa, na kunyanyapaliwa. Shemeji alivipata vyote isipokuwa hicho cha mwisho. Yeye walimcheka tu. Siku tano za kwanza zilikuwa kama sikukuu, anacheza karata na wanawe. Ya sita akaacha kupokea simu. Dada yangu anasema alikuwa anaamka saa nane usiku, anawasha tochi ya simu, anatoa noti chini ya godoro na kuzihesabu, kana kwamba zingezaana.

Naamini kilichomvunja ni kutojua mwisho. Machi ile ile, wasafiri waliotoka nchi zenye maambukizi walikuwa wanawekwa karantini siku 14 kwa gharama zao. Bili iliuma, lakini siku ya kumi na nne waliijua. Ukichagua njia hii, jipangie tarehe na uiandike ukutani. Ikifika, ndipo uamue upya kama unaongeza.

Na kuna nyumba ambazo hatari yake iko ndani. Mwanamke anayeishi na mume mkali, au mtoto anayemwogopa mtu wa nyumbani, mlango ukifungwa hajalindwa na kitu. Kwa hao njia hii naifuta bila kujadili.

*Watoto.* Shule zilifungwa 17 Machi 2020 na kufunguliwa 29 Juni. Kidato cha sita na vyuo walitangulia 1 Juni. Vipindi vya redio na televisheni vilikuwepo, na aliyewahi kumkalisha mtoto wa darasa la tatu mbele ya televisheni asome anajua kilichotokea. Ilikuwa miezi mitatu na ushee. Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi 10 Januari 2022.

*Aliye hatarini.* Hapa ndipo njia hii inaposhinda, ila iwe na mlango wa kweli. Nyumba ya Manzese ina wapangaji watano, choo kimoja, bafu moja na koki moja uani. Shemeji alifunga mlango wa chumba, lakini asubuhi alipanga foleni na ndoo yake kama wenzake. Hapo umejifungia kwa jina. Nyumba ya kujitegemea kule Mbezi, choo ndani, tangi la maji na friji, kujifungia kunawezekana, na kunaweza kumwokoa mzee.

*Inamfaa nani?* Mwenye mshahara unaoingia hata akikaa, mwenye kazi ya kompyuta, mstaafu mwenye pensheni, na nyumba yenye mgonjwa wa kulindwa na choo cha peke yake.

Njia ya pili: kuipeleka familia kijijini

*Mfuko.* Siku zote pesa kibandani kwangu zinakwenda upande mmoja, kutoka Dar kwenda mikoani. Aprili ile nikaanza kuona zikirudi: mtu anatoa elfu ishirini iliyotumwa na mama yake, mauzo ya kuku. Waliopeleka watu watano kwa wazee bila kupeleka unga walihamisha njaa tu. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini ukienda Aprili mahindi bado yako shambani, na hilo jembe halivuni wiki hiyo. Piga hesabu ya nauli kwenda na kurudi, gunia la kuondokea, na elfu chache kila wiki. Ukizijumlisha, bado mara nyingi zinakuwa pungufu ya kulisha watu hao hao mjini, kwa sababu kijijini hakuna kodi wala maji ya kununua kwa ndoo.

Njia hii ina jambo ambalo nyingine hazina: inaisha muda wake. Kenya, 6 Aprili 2020, tangazo la kufunga mipaka ya Nairobi lilitolewa na kuanza kutumika siku hiyo hiyo saa moja jioni. Ikafunguliwa 7 Julai. Mume aliyekuwa Nairobi na mke aliyekuwa Kakamega walikaa hivyo miezi mitatu. India walipewa saa nne tu, kutoka saa mbili usiku hadi saa sita, na vibarua wa mijini wakaishia kutembea kwa miguu mamia ya kilomita kurudi kwao. Kama unapeleka, peleka mapema. Ukiona stendi imefurika, umeshachelewa, na basi lililojaa ndilo mahali pabaya kuliko pote ulipopita wiki hiyo.

*Akili.* Watoto wanapata uwanja, mama anapata wa kusaidiana naye, ingawa kukaa kwa mama mkwe miezi mitatu nako ni mtihani wenye karatasi yake. Anayeumia kimyakimya ni yule anayebaki mjini. Nilikuwa na mteja dereva wa bajaji, alipeleka familia Same. Alikuwa anakuja saa tatu usiku kutoa elfu tano ambayo haikuwa na haraka yoyote, apate tu mtu wa kuongea naye. Panga simu ya kila siku kwa saa maalumu, na mbakishe mjini mtu anayeweza kupika.

*Watoto.* Kwa mdogo, kijiji ni kizuri kuliko chumba. Mtoto wa dereva huyo alirudi Juni anaongea Kipare kumshinda mama yake. Kwa wa darasa la saba au kidato cha nne ni hadithi nyingine: vitabu vimebaki Dar, mtandao unapatikana juu ya mti, na kazi za shamba hazina ratiba ya masomo. Binti aliyevunja ungo asipelekwe kwa ndugu ambaye wewe mwenyewe usingelala kwake.

*Aliye hatarini.* Bibi unayempelekea wajukuu ndiye hasa wa kulindwa, na kwa ugonjwa wa hewa mtoto anaweza kuubeba bila hata kupiga chafya. Kama kuna kibanda cha pembeni, wakae huko siku 14 kabla ya kula sinia moja. Uliza pia hospitali yenye oksijeni iko umbali gani. Swali hilo watu hawalipendi, wanaona ni la kujitakia mabaya.

*Inamfaa nani?* Mwenye watoto wadogo na wazazi wenye shamba na nafasi, mwenye kazi inayombakisha mjini, na anayeamua kabla ya wiki ya taharuki. Haimfai ambaye kwao ni jina tu kwenye kitambulisho.

Njia ya tatu: kutoka kila siku kwa tahadhari

*Mfuko.* Mwaka 2020, kwa takwimu rasmi, uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 4.8 kutoka 7.0 ya mwaka uliotangulia. Benki ya Dunia ilikadiria 2 tu. Kenya ilishuka kwa asilimia 0.3 na Rwanda, iliyofunga kabisa tangu 21 Machi hadi mwanzoni mwa Mei, ikashuka kwa 3.4. Ukisoma hivyo utasema kutofunga kulilipa, na kwa mama lishe wa Ilala kulilipa kweli. Lakini kutofungwa si kutoguswa. Watalii walishuka kutoka milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000, na anayeuza vinyago Mwenge hakuhitaji amri ya kufunga ili afunge. Mei 2020 Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, Kariakoo ilisikia, maana wanunuzi wa jumla wa Zambia na Kongo ndio wanaobeba marobota. Kwenye daladala ilikuja "leveli siti", abiria wa kukaa tu. Konda wakalia, na sisi tukasimama kituoni hadi giza.

Kwa hiyo ukichagua kutoka, tegemea mauzo pungufu, si mauzo ya kawaida. Bodaboda wa mkataba anahitaji kuzungumza na bosi wake hesabu ipungue *kabla* siku mbaya hazijaanza. Wakishafikia kudaiana wiki mbili, hakuna mazungumzo tena.

*Akili.* Kazi inashika kichwa. Kutwa unabishana chenji, usiku unalala. Shemeji mwenyewe alipona kwa kazi: siku ya kumi na moja alirudi kwenye cherehani akaanza kushona barakoa za kitenge, elfu moja moja, na lastiki ilipoadimika mjini akakata kamba kwenye tisheti kuukuu. Hakutajirika. Usingizi ulirudi.

Ila njia hii ina sumu yake, nayo ni uvumi. Takwimu za Tanzania ziliganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 mwanzoni mwa Mei 2020, zikabaki hapo zaidi ya mwaka. Mtu asipopewa taarifa huijaza nafasi mwenyewe. Kijiweni kila mazishi yalikuwa na hadithi, na mwanzoni mwa 2021 tukajifunza kusema "changamoto ya upumuaji" badala ya corona, kwa sauti ya chini, huku kila wiki kuna msiba. Nilikuwa narudi nyumbani navua shati mlangoni, namkwepa mwanangu akija kunirukia. Hofu ya kumwambukiza wa nyumbani haimo kwenye hesabu ya mauzo.

*Watoto.* Wazazi wakitoka na shule zimefungwa, watoto wanabaki mtaani na mkubwa wao wa miaka kumi na mbili ndiye mzazi. Panga na majirani zamu ya kuangalia.

*Aliye hatarini.* Hakuna aliyemuuliza. Wewe ndiye unayekwenda Kariakoo, yeye ndiye anayekaa na utakachorudi nacho. Na tahadhari zina tabia ya kuchakaa. Kibandani niliweka ndoo ya koki, sabuni na nailoni kwenye kidirisha. Wiki ya kwanza watu walinawa kwa foleni. Ya tatu sabuni ilikwisha, nikaweka maji matupu. Ya tano mtu alikuwa anakunywa yale maji. Ukichagua njia hii, tenga fedha ya sabuni kama unavyotenga ya LUKU, na mzee alale chumba chake. Chanjo ikija, iwahi: corona iliingia Machi 2020, na Rais Samia alichanjwa hadharani 28 Julai 2021, yaani miezi kumi na sita ya kutembea bila hiyo kinga.

*Inamfaa nani?* Anayekula alichopata leo, asiye na mzee wala mgonjwa ndani, na ambaye kazi yake inaweza kuhamia nje penye hewa.

Kwa hali yako

Akiba yako haifiki siku saba, na unapanga chumba kwenye nyumba ya wengi: toka, lakini punguza. Siku nne kwa wiki badala ya sita, asubuhi kabla msongamano haujaanza. Usikope kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ili ujifungie. Deni hilo litakutoa nje siku mbaya zaidi.

Akiba inafika mwezi, choo ni chako, na mama mwenye sukari unaishi naye: jifungie kwa wiki mbili za kwanza, ambazo ndizo zenye sintofahamu, tarehe ikiwa ukutani. Kikoba waambie mapema, wanachama huwa waelewa kabla ya Ijumaa kuliko baada yake. Dawa za mama chukua za miezi miwili.

Watoto wadogo na wazazi wenye nafasi mkoani: peleka wiki ya kwanza au usipeleke. Mwenye mtihani wa taifa abaki na vitabu vyake.

Mume anafanya kazi ya kukutana na watu na nyumbani kuna mzee: changanya. Mzee aende kwa ndugu asiyetoka, au mume alale sebuleni na sahani yake. Si maisha, najua, lakini yana mwisho.

Na kama umeshachagua, na siku ya sita hulali, huli, au kuna anayesema bora asingekuwepo, usisubiri tarehe ya ukutani. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Kwa jambo la mtoto ni 116. Muhimbili wanahudumia afya ya akili, na ukianzia hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, Amana, Temeke au Mwananyamala, watakuelekeza. Shemeji hakwenda. Ilibidi dada yangu afiche zile noti, awe anamwambia tu zimebaki ngapi, tena anamwongezea kidogo.